Joto la Chumba cha Juu

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, mlango wa Mama Vipimo ulikuwa wazi. Alikuwa fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni, na kwa sababu hakukubali kitu cha kukadiria. Ukimwambia suruali inabana kidogo, atakuuliza kidogo hicho ni kiasi gani.

Aliishi katika jumba la ghorofa lenye familia sita. Familia tatu zilikaa chini, tatu juu. Yeye alikaa chini. Mwanawe wa pekee, dereva wa lori, alikaa juu na mkewe, katika vyumba vilivyokuwa moja kwa moja chini ya paa la mabati.

Wenyeji walilijenga jumba hilo kwa kushirikiana, miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Marehemu mume wa Mama Vipimo alikuwa seremala. Yeye ndiye aliyepiga dari, na juu ya dari akatandika pamba maalumu ya kuzuia joto. Siku zile watu walimshangaa. Mama Vipimo hakusahau sifa hizo. Mtu akilalamika kuhusu joto, alimjibu kwamba nyumba hii ina pamba darini, si kama nyumba za watu wengine.

Kazi ya kushona aliifanya pamoja na mkwe wake. Yeye alikata na kushona chini, palipojaa wateja. Mkwe alikuwa na cherehani ya pili chumbani kwake juu. Huko alipinda mapindo na kutia vifungo.

Mwaka huo mkwe alikuwa mjamzito. Ulipofika msimu wa joto, mimba ilikuwa ya miezi minane. Kila mchana, saa saba au saa nane, aliacha kazi na kwenda kukaa kwenye ngazi, mguu mmoja huku, mwingine kule, akijipepea kwa kipande cha kitambaa. Alimwambia mama mkwe wake kwamba chumba hakikaliki. Alimwambia mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu.

Mama Vipimo aliona ni uvivu. Yeye mwenyewe alibeba mimba huku akishona mpaka siku ya mwisho. Alisahau kwamba alishonea chini. Tena wateja walikuwa wakipita pale kwenye ngazi, na jambo hilo lilimkera.

"Mwanangu, ngazi si sebule," alimwambia siku moja. "Dari ya chumba chako aliipiga baba mkwe wako kwa mikono yake. Rudi ndani umalize sare za watoto."

Mkwe alishika ukuta, akainuka, akapanda.

Haikupita saa moja, mwalimu mstaafu aliyekaa chumba cha jirani alisikia kishindo. Alimkuta mkwe chini kando ya cherehani, amezimia, ngozi yake inawaka. Majirani walimvua kitenge kizito, wakamlowesha kwa maji, wakamkimbiza hospitali.

Muuguzi aliyempokea aliuliza alikuwa akifanya kazi wapi. Mwalimu akaeleza. Muuguzi akasema joto la namna hiyo ni hatari kwa kila mtu, na zaidi kwa mjamzito, kwa mtoto mchanga na kwa mzee. Akasema pia kwamba mtu anapotoka mahali penye joto kali asizuiwe, kwa sababu mwili wake ndio unaomtoa. Mama Vipimo alikuwa amesimama pale pale. Alitazama sakafu.

Mtoto aliyekuwa tumboni alisalimika. Siku ya tatu mama mzazi wa mkwe alikuja kumchukua binti yake, akampeleka kwao. Hakugomba. Aliaga vizuri, na adabu hiyo ilimuuma Mama Vipimo kuliko matusi. Mtoto wa kike alizaliwa huko huko. Mama Vipimo alipata habari kwa simu ya mwanawe, kama jirani yeyote.

Sare zilibaki juu, hazina vifungo. Wiki moja baada ya mkwe kuondoka, Mama Vipimo alipanda mwenyewe kuzimaliza. Ilikuwa saa nane mchana. Alifungua dirisha, akawasha feni, akaketi kwenye cherehani ya mkwe wake. Feni ilimpulizia hewa ya moto usoni. Alitia kifungo cha kwanza. Jasho lilimwingia machoni. Alitia cha pili na cha tatu. Katika cha nne sindano ilimteleza vidoleni. Alitoka nje akishika ukuta, akajikuta ameketi kwenye ngazi.

Maisha yake yote alipima viuno vya watu, mabega ya watu, urefu wa mikono ya watu. Chumba hiki hakuwahi kukipima hata kwa kukaa ndani yake.

Mwanawe aliporudi safari, Mama Vipimo alimwomba atafute mtu anayejua mambo ya dari. Mwanawe alimtazama, akasema atamtafuta. Siku hizo walizungumza hivyo, maneno machache kama ya watu waliokutana benki.

Fundi aliyekuja alikuwa mwanamke mfupi mwenye ngazi ndefu. Alianza na kipimajoto. Chini kwa Mama Vipimo kilionyesha nyuzi thelathini na moja. Juu kwa mwanawe, thelathini na nane. Kisha akafungua kilango cha dari, akaingiza kichwa na tochi, akaacha kipimajoto huko kwa muda. Alipokishusha, kilisoma hamsini na saba.

"Lakini kuna pamba huko," Mama Vipimo alisema. "Mume wangu aliitandika."

"Ipo, Mama," fundi alijibu. "Panda uione."

Alipanda, fundi akimshikia ngazi. Katika mwanga wa tochi aliona boriti, na juu ya boriti mstari wa penseli na mwandiko wa mumewe: sentimita kumi, kimo cha pamba alipoitandika. Chini ya mstari huo pamba ilikuwa imelala, nyembamba kama godoro la wageni. Mahali pengine haikufika unene wa vidole viwili. Panya walikuwa wamechimba viota. Upande mmoja bati lilivuja, na pamba ya hapo ilikuwa imeganda na kunuka. Katikati, fundi wa umeme aliyepitisha nyaya miaka iliyopita aliisukuma kando, akaenda zake. Dari pale ilikuwa uchi.

Fundi alimweleza taratibu. Jua linapiga bati, bati linashika moto kama kikaango. Joto linashuka kutafuta watu. Pamba ikiwa nene, imejaa hewa ndani yake, joto halipiti upesi. Ikibonyea, ikilowa au ikiachwa na mapengo, joto linapita.

"Pamba si blanketi?" Mama Vipimo aliuliza. "Nani anajifunika blanketi kwenye joto?"

"Fikiria chupa ya chai, Mama. Ukitia chai, inabaki ya moto. Ukitia maji ya baridi, yanabaki ya baridi. Chupa haipashi wala haipoozi. Inazuia joto kuhama tu. Mumeo alifanya kazi nzuri. Ila pamba nayo inatakiwa ikaguliwe, ikichoka iongezwe. Hakuna aliyepanda huku baada yake."

Kisha fundi alimwambia amulike pembeni, pale paa linapokutana na ukuta. Palikuwa na mbao zilizopigiliwa misumari.

"Haya yalikuwa matundu ya hewa," alisema. "Hewa ya moto ilikuwa ikitoka humu. Nani aliyaziba?"

Mama Vipimo angeweza kusema hajui. Mwaka uliofuata kifo cha mumewe, popo waliingia, naye alichukia kelele na uchafu wao. Akamwita kibarua, akamwambia azibe yote.

"Mimi," alisema.

Jioni ile familia zote zilikutana uani. Wa chini walisema paa ni mambo ya wa juu. Mwalimu mstaafu akawauliza kwa nini basi umeme wa jumba zima unakatika kila mchana. Fundi akaeleza kwamba feni za juu zinafanya kazi kutwa nzima bila kupumzika, na nyaya zinazidiwa. Jumba lina paa moja. Ukitandika juu ya chumba kimoja tu, joto linazunguka na kuingia kupitia kwa jirani. Mzee mmoja wa chini akasema basi kumbe amekuwa akilala mchana bila feni kwa sababu ya dari ya mtu mwingine. Watu wakacheka, wakakubaliana kuchanga.

Kwanza fundi aliita mtu wa umeme kukagua nyaya, kwa kuwa pamba haitandikwi juu ya waya mbovu. Popo wachache waliokuwa wakipenya upande wa bati bovu aliwaacha watoke wenyewe kupitia tundu moja, akalifunga baada ya kuhakikisha hakuna aliyebaki ndani. Bati lililovuja lilibadilishwa. Ndipo kazi yenyewe ikaanza, saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu saa nne juu ya dari hapafai tena kwa binadamu. Mafundi walivaa barakoa, miwani, glavu na nguo za mikono mirefu, maana vumbi la pamba ile linawasha na kudhuru mapafu.

Walitoa pamba iliyolowa na iliyochafuliwa na panya. Iliyokuwa kavu na safi waliiacha. Waliziba kila upenyo wa dari pale nyaya zinapopita. Walingʼoa zile mbao, wakaweka wavu mgumu, ili hewa ipite na popo wasipite. Halafu wakatandika pamba mpya juu ya ile ya zamani, sawasawa mpaka kwenye kona, bila kuikandamiza na bila kuziba matundu. Kuzunguka taa zinazopata moto waliacha nafasi. Hata kifuniko cha kilango walikipigilia pamba kwa juu. Fundi alisema wengi hukisahau, na joto lote hupitia hapo.

Kazi ilichukua asubuhi tatu. Siku iliyofuata, saa nane mchana, jua likiwa lile lile, kipimajoto cha juu kilisoma thelathini na mbili. Mwalimu alizima feni yake. Umeme haukukatika siku hiyo, wala wiki hiyo.

Mama Vipimo alisimama katikati ya chumba cha mwanawe. Kilikuwa na hewa. Kilikuwa kitupu. Alifikiri jinsi kazi ya asubuhi tatu ilivyotosha, na jinsi alivyokuwa na miaka mizima ya kuifanya.

Miezi ilipita kabla hajapata moyo wa kusafiri kwenda kwa wakwe zake. Walimpokea vizuri, wakampa kiti kizuri. Mjukuu alikuwa na miezi mitano. Alipompakata, mtoto alilia akitafuta mtu anayemjua.

Mama Vipimo alisema alichokuja kusema, bila kuzunguka. Alisema chumba kilikuwa na joto la kuua, kwamba yeye ndiye aliyeziba matundu, na kwamba yeye ndiye aliyemrudisha ndani.

"Nilikwambia mara tatu, Mama," mkwe alisema.

"Uliniambia."

"Nilidhani labda kweli mimi ni mvivu. Mpaka leo nikiketi kupumzika najiuliza."

Jambo hilo hakuna fundi wa kulitengeneza kwa asubuhi tatu. Mama Vipimo aliomba msamaha. Mkwe alisema amesikia.

Baada ya mwezi mmoja mkwe alirudi kwa mumewe na mtoto. Alilala vizuri chumbani kwake, na mtoto hakutoka vipele vya joto hata msimu ulipopamba moto. Lakini cherehani ya pili aliihamishia kwenye karakana moja mtaa wa pili, akafanya kazi huko. Alimsalimu Mama Vipimo asubuhi na jioni, akamjibu kila alichouliza. Zile hadithi alizokuwa akisimulia huku akitia vifungo hazikurudi. Mama Vipimo hakudai.

Siku moja ya mapumziko, watu wa jumba la jirani walikuja uani kuuliza habari za dari. Kwao bibi mmoja wa ghorofa ya juu alikuwa akiumwa kichwa kila mchana, na watoto wake walisema ni uzee. Mama Vipimo aliwaeleza habari za pamba, matundu na kilango. Kisha akasema kwamba kabla ya hayo yote, wamsikilize huyo bibi, kwa sababu yeye hakusikiliza. Akaanza kuwasimulia habari za mkwe wake kwenye ngazi, na maneno aliyomwambia, neno kwa neno, wala hakuyapunguza.

Mkwe alikuwa akianika nguo, mtoto mgongoni. Hakuwahi kumsikia akiyasema mbele ya watu. Aliacha nguo kwenye beseni, akasogeza kiti, akaketi kando yake.

Mama Vipimo aliendelea. Alipofika mahali pa kishindo, sauti ilimkwama. Akajaribu tena, ikakwama tena.

Mkwe ndiye aliyemalizia.