Fundi Niliyemwanika Mtandaoni kwa Sababu ya Giaboksi

Gari lilikata gia tukiwa katikati ya mteremko wa bonde la Mujib, huku Jordan.

Ndani nilikuwa na walimu wa kike, abiria wangu wa kila siku. Nawapeleka shuleni ng'ambo ya bonde.

Injini ilinguruma lakini gari halikushika kitu. Likawa linateremka lenyewe tu, linaongeza kasi...

Breki zikaanza kunuka. Nikalibana kwenye ukuta wa mwamba, ubavu ukasagika mpaka likasimama.

Mmoja akauliza, "Shuruq, tumepona?"

Niligeuka nikawahesabu, wote wapo. Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani na sikuisikia.

Jamani, mimi ni mjane. Gari lile ndilo lilikuwa mume, ndilo lilikuwa shamba. Nililinunua kwa Abu Nayef, fundi mwenye gereji anayeuza magari yaliyotumika pale mjini Madaba. Alinipa waranti ya miezi sita kwa injini na giaboksi, na haikuwa imefika hata nusu.

Gari likavutwa hadi kwake. Akalifungua mbele yangu, akachungulia, akafuta mikono taratibu.

"Dada yangu, hii giaboksi imefunguliwa na fundi mwingine."

"Hakuna aliyeigusa."

"Hizi bolti si nilizofunga mimi. Na ndani wameweka vipuri vya kuokoteza. Waranti haipo tena."

"Abu Nayef, nina yatima nyumbani. Leo nimeponea chupuchupu na wake za watu."

"Namshukuru Mungu mmepona. Lakini sikudanganyi."

Nilimtazama. Hasira sikuihisi. Sikuhisi chochote. Nikatoa simu, nikamrekodi usoni.

"Huyu ndiye Abu Nayef. Anawauzia wajane mizoga, akishakula hela anawakana. Mwangalieni vizuri."

Hakuziba uso. Alisema tu, "Dada, mimi nina mabinti."

Nikapost.

Ikasambaa kila kona. Watu walimtukana yeye, wakawatukana mabinti zake kwa majina. Wateja wakaanza kuondoa magari yao. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nasoma komenti, kama nasoma habari za watu nisiowajua.

Mdogo wangu wa kiume, Qutayba, ninayeishi naye, akaniambia, "Futa hiyo video, dada."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Imezidi."

Sikufuta.

Mwishowe mjomba wangu Dhaifallah akakusanya wazee wa ukoo, kama tunavyofanya huku jambo likikwama. Tukaenda nyumbani kwa Abu Nayef, Qutayba naye akiwemo.

Wanaume walikaa sebuleni. Mimi nikawekwa chumba cha pili na mke wa Abu Nayef na mabinti, mlango ukiwa wazi. Binti mkubwa alinipa mto wa kuegemea bila kuniangalia.

Kahawa ikamiminwa. Mjomba akakiweka kikombe chake chini bila kuonja. Wengine nao wakaweka vyao.

"Abu Nayef, tuna haja kwako. Kahawa yako hatuinywi mpaka utukubalie."

Kwetu, wageni wakiondoka bila kuonja kahawa yako ni aibu kubwa.

Abu Nayef akamtazama Qutayba, akamtazama tena. Qutayba alikuwa anaangalia zulia.

"Kunyweni," akasema. "Nitafunga giaboksi nyingine. Gharama ni yangu."

Mke wake, pale pembeni yangu, aliinuka akatoka.

Nikajua nimeshinda. Nikasubiri furaha ije... haikuja.

Gari likarudi, linatembea vizuri kabisa. Mchana mmoja niko jikoni nachokonoa mamumunye ya kujaza wali, Qutayba akaja akasimama mlangoni.

"Umeona?" nikamwambia. "Angekuwa hana kosa, angekubali?"

"Yule si mwizi, dada."

"Nani?"

"Abu Nayef. Wiki ile ulipolazwa hospitali, gari lilibaki nyumbani, mimi nikavuta tela la maji kwalo. Giaboksi ikaungua. Nikampa fundi wa kando ya barabara aiunganishe kwa vipuri vya kuokoteza. Nilikuogopa."

Niliendelea kuchokonoa.

"Na yeye anajua?"

"Nilimfuata kabla ya wazee kwenda. Nikamwomba asinitaje. Si unajua nimeposa, na wazazi wa binti bado hawajajibu... Akasema hawezi kunibomolea nyumba ambayo hata sijaijenga."

"Na mimi nimemwita muuza mizoga."

"Ndiyo."

Nilipoangalia bakuli, mamumunye yote nilikuwa nimeyatoboa hadi upande wa pili. Hayakufaa tena kujazwa.

Asubuhi nikaenda gereji. Palikuwa kimya, hakuna mteja. Abu Nayef alikuwa amekaa kwenye tairi, anakunywa chai.

"Kwa nini hukusema mbele ya wazee?"

"Nilikuambia wewe, siku ya kwanza," akasema. "Hukuniamini."

Nikavuta tairi jingine, nikakaa.

"Nitailipa hiyo giaboksi kidogo kidogo," nikasema. "Na nitarekodi video nyingine."

"Rekodi. Ila kijana usimtaje."

Nikarekodi palepale. Nikasema kosa lilitoka nyumbani kwangu, Abu Nayef ni mkweli, mimi ndiye niliyemdhulumu.

Ile ya kwanza ilifika hadi kwa jamaa zetu walioko nchi za Ghuba. Hii ya pili waliitazama wachache, na komenti ya juu kabisa iliandikwa: "Amekulipa ngapi?"

Ndiyo maana leo nimeandika. Qutayba mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Andika yote, dada, na mimi nitaje. Ukweni nimeshawaeleza kwa mdomo wangu."

Wamesema watafikiria.

Ndugu zangu, kabla hujaielekeza kamera kwa mtu wa nje, rudi kwanza ndani, uwaulize wa kwako. Mimi sikuuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nimeshalichagua.

Na kama wewe ni mmoja wa walioshea ile ya kwanza, nakuomba shea na hii.