Daftari la Mkusanya Vipepeo

Wino wa miaka mia moja ulikuwa bado mbichi. Mhifadhi wa makumbusho aliugusa, ukamchafua kidole.

Daftari lilitoka kwenye sanduku la msafara wa kisayansi, pamoja na vipepeo waliochomwa pini, kila mmoja na kikaratasi chenye namba, na harufu kali ya kafuri. Mwenye daftari, mgeni mpole kupita kiasi, alijaza vipepeo kurasa tatu tu. Zilizobaki ni visima, vivuko na idadi ya wanaume wenye nguvu. Utafiti gani huo? Mhifadhi alicheka peke yake, kisha akafanya kosa: umeme ulipokatika ofisini, alilibeba daftari akamalizie kunakili nyumbani.

Asubuhi alikuta ukurasa mpya, mwandiko uleule: "Nyumba moja. Milango miwili. Wa nyuma komeo limelegea."

Komeo lilikuwa limelegea kweli. Akampelekea bibi yake daftari.

"Huyo nilisimuliwa," bibi akanong'ona. "Alimuuliza baba yangu maji tunachota wapi, mto unavukika wapi. Baba akajibu yote, maana kwetu kumnyamazia mgeni ni aibu. Mwaka uliofuata wakaja wenye bunduki, na hawakuuliza njia."

"Si alishakufa, bibi?"

"Yeye alikufa. Jini lililokuwa likiuliza ndani yake halikufa. Rudisha daftari leo hii, mjukuu wangu, na jini likikuuliza, usijibu."

Alitoka mbio mchana kweupe, daftari kwapani, kafuri ikimfuata mtaa hadi mtaa, na nyuma ya sikio lake sauti ya upole ikiomba radhi kwa usumbufu, ikiuliza nyumbani wanabaki wangapi, mwanaume yupo, mtoto ana miaka mingapi, naye akauma ulimi mpaka akaonja damu, asijibu hata moja, hadi alipolitia daftari sandukuni kule makumbusho na kugeuza ufunguo mara mbili.

Akarudi nyumbani akihema. Binti yake wa miaka sita alikuwa mezani, anachora. Sebule nzima ilinuka kafuri.

"Mama, mgeni wako amekuja. Ana adabu huyo! Ameuliza mimi nalala wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nimempeleka, nikamwonyesha kitanda. Si ulisema mgeni akiuliza ajibiwe?"

Mama akamvuta karibu. Kwenye ukosi wa gauni la mtoto palikuwa pamechomekwa pini, na kikaratasi chenye namba. Wino ulikuwa bado mbichi.