Nyuma ya Mashine ya Ignace

Kila Jumamosi asubuhi Ignace alikata nyasi za uwanja wa kanisa, huko ugenini, katika mtaa wa Rosettenville. Familia yake iliishi katika chumba cha nyuma, ndani ya ua huohuo. Mashine yake ilikuwa ya kuketi, kama trekta dogo. Kazi ikikaribia kuisha, alimpakata binti yake Brigitte, wa miaka minne, wakazunguka uwanja mara moja. Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Januari 2017 mvua ilinyesha wiki nzima na nyasi zikawa ndefu. Ignace alifika ukutani, akatia rivasi. Mashine ile ilikuwa na kinga: ikirudi nyuma, visu vinasimama. Lakini palikuwa na kitufe cha kuiondoa kinga hiyo, na Ignace alikibonyeza kila mara ili asipoteze muda. Macho yake yalikuwa ukutani. Hakugeuka.

Brigitte alikuwa ametoka mbio, anakuja kupanda. Ngurumo ya injini iliimeza sauti yake.

Madaktari waliukata mguu wake wa kushoto, chini ya goti.

Siku ya tatu mkewe Arlène alikuwa bado hajamsemesha neno. Ignace alikaa peke yake nje ya wodi. Muuguzi mmoja Mkenya, Wairimu, alimkuta pale akaketi. Ignace akamweleza yote, hata habari ya kitufe.

"Nilidhani yuko ndani na mama yake, dada."

"Na mama yake alidhani yuko nawe?"

Ignace aliitikia kwa kichwa.

"Baba Brigitte, sikuja kukuhukumu. Lakini ua ule una watoto wengine. Mtoto ukimpakata kwenye mashine hata mara moja, siku nyingine akisikia injini ataona ameitwa. Usimpandishe kamwe. Kabla ya kuwasha, watoto wawe ndani, na mtu mzima mmoja ajue kwamba yeye ndiye anayewaangalia. Mtoto akitokea, zima kila kitu."

"Na rivasi?"

"Simamisha visu kwanza. Kile kitufe usikiguse. Geuka, tazama nyuma, tena tazama chini, maana mtoto ni mfupi. Usiache kutazama mpaka usimame."

"Ningetazama, ningemwona?"

Wairimu alimtazama machoni. "Ndiyo," alisema. "Ungemwona."

Mwezi Machi Ignace alipanda mashine tena, kwa sababu chumba walipewa kwa kazi ile. Sasa kila Jumamosi Arlène aliwaingiza watoto wote wa ua katika ukumbi wa kanisa, akafunga mlango, akampungia mkono mumewe. Kabla ya kuuona mkono huo, Ignace hakuwasha injini.

Jumamosi moja Jocelyne, mtoto wa jirani, alichoropoka ukumbini kupitia mlango wa jikoni. Ignace alikuwa amefika ukutani. Alisimamisha visu, akageuka, akatazama chini. Mtoto alikuwa hatua tatu nyuma yake, kidole mdomoni.

Akazima injini.

Arlène alikuja mbio, akihema, akamnyanyua Jocelyne na kumkumbatia. Miguu miwili ya mtoto ilining'inia kiunoni pake.

"Umemwona," alisema Arlène.

Ignace alishuka kwenye mashine. Akaketi kwenye nyasi.

"Huyu nimemwona," alisema.