Cherehani Yahamia Mji wa Kambi

Asubuhi ile hakuna aliyemaliza chai yake. Magodoro yalikuwa yamefungwa kamba, masufuria yamo ndani ya ndoo, na binti wa nyumba alikuwa amewaaga majirani wote, kisha akarudi kuwaaga tena. Kwa jinsi alivyopenda kusema, kila mtu alimwita Chiriku.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Baba yake alikuwa koplo jeshini. Kwa miaka mingi koplo alikuja likizo na kuondoka, kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Sasa alikuwa amehamishiwa mji wenye kambi kubwa, akapata nyumba karibu na geti la kambi. Familia ingeishi pamoja! Fundi aliposikia habari hiyo alicheka, akalia kidogo, kisha akacheka tena.

Jambo moja tu lilimkaa moyoni. Alimwambia mumewe kwa simu, "Nakuja, Baba Chiriku. Lakini cherehani yangu nayo inakuja, na inakuja kufanya kazi. Mimi siwezi kukaa kutwa nimekodolea ukuta macho."

"Njoo nayo, mke wangu. Wateja watapatikana."

Fundi hakungoja wapatikane. Alipita sokoni akaona kitambaa cha mabakamabaka, kijani na kahawia, kama sare za jeshi. Akili yake ikaanza kukimbia. Mji wa wanajeshi! Mtoto gani asiyetaka kuvaa kama baba yake? Akanunua jora zima. Akashona gauni la Chiriku, kofia na mikoba. Kazi ilikuwa safi, hata mshono haukuonekana. Hakujua kwamba alikuwa anafanya kosa, kosa ambalo angeweza kulifanya fundi tu, tena fundi hodari.

Walipofika, koplo alikuwa kwenye zamu. Ufunguo alikuwa ameuacha kwa jirani, mke wa sajenti, mwanamke mwenye kicheko kikubwa. Alikuwa na watoto pacha, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Pacha. Alikuwa ameishi katika miji ya kambi tangu alipoolewa.

"Karibuni, karibuni! Tupeni mizigo," alisema, huku ameshabeba godoro kichwani.

Fundi alikuwa anaifuta vumbi cherehani yake. Ghafla, tuh! Tuh-tuh-tuh! Alipozinduka alijikuta chini ya meza, kitambaa cha vumbi amekishika mkononi.

Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta. "Toka huko, mwenzangu. Hayo ni mazoezi. Wanalenga shabaha kule nyuma ya kilima. Baada ya muda hutayasikia tena."

"Na watoto hawaogopi?"

"Waogope nini? Ila wafundishe mapema. Wakiona bendera nyekundu imepandishwa kule kilimani, wasikaribie. Na hata bendera isipokuwepo, kule si mahali pa kuchezea. Wakiona chuma wasichokijua, wasikiguse, wasikipige teke, wasikirushie jiwe. Waondoke, waje waseme kwa mtu mzima."

Wakati huo Chiriku alitokea chumbani amevaa gauni lake jipya na kofia yake. Alipiga saluti kwa mkono wa kushoto.

"Mama, twende getini tumshtue baba! Unipige picha na geti nyuma!"

Fundi akatoa simu yake. Kicheko cha Mama Pacha kilikatika. "Rudi ndani, mwanangu! Haraka! Na wewe, weka simu hiyo."

Fundi alishangaa. "Kwani kuna nini? Ni gauni tu la mtoto."

"Keti, nikwambie." Mama Pacha alifunga mlango. "Hapa raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na za jeshi. Kuzishona ni kosa kubwa zaidi. Mtu mbaya akivaa mabaka yale, askari wa getini atamjuaje? Na geti halipigwi picha. Picha ikifika mtandaoni, imefika kwa kila mtu, hata adui."

Fundi aligeuka kutazama mizigo yake. "Mama Pacha, ninalo jora zima. Wataichukua cherehani yangu?"

"Ukikamatwa unauza, wanaweza. Na mumeo ataulizwa."

Koplo aliporudi jioni, Chiriku alimrukia shingoni. Lakini koplo alipoona vile vitambaa, alikaa kitini bila hata kuvua viatu.

"Nisamehe," fundi alisema. "Nilikuwa na kiherehere."

Koplo alitikisa kichwa. "Mwenye kosa ni mimi. Nilikueleza ukubwa wa vyumba, nikasahau kukueleza sheria za mji. Kesho tutavipeleka wenyewe. Heri kwenda kuliko kufuatwa."

Kesho yake walikwenda ofisi ya familia za wanajeshi. Getini walionyesha vitambulisho na mikoba ikakaguliwa. Ofisini walimkuta kapteni mmoja, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alilipindua gauni, akatazama ndani, akatazama pindo.

"Umeshona wewe?"

"Mimi, afande."

"Mshono mzuri. Kitambaa kibaya. Kinabaki hapa, na kosa hili lisirudiwe."

Koplo alimgusa mkewe kiwiko, kumwashiria waondoke. Fundi hakuondoka. Alikuwa amekuja na roho mkononi, lakini swali lake lilikuwa zito kuliko woga.

"Afande, cherehani hii ndiyo kazi yangu. Katika mji huu nitaruhusiwa kushona?"

Kapteni alivua miwani. "Nani amekukataza? Hapa familia zinahamia kila mara. Watoto wanaingia darasani na sare za shule walikotoka, wanachekwa. Sare za shule shona hata leo. Za jeshi, omba kibali. Tutakuchunguza kwanza. Ukikipata, utarekebisha zilizochanika tu, hutashona mpya. Na usiguse sare ya mtu kabla hujaona kitambulisho chake. Hata akiwa jenerali!"

Fundi alirudi nyumbani anatembea kama anacheza ngoma. Siku hiyohiyo aliweka cherehani barazani. Mama Pacha aliwaleta pacha wake wapimwe, na nyuma yao wakaja wengine. Muhula ulipoanza, fundi alisimama mlangoni kutazama watoto wakienda shule, akakosa kujua yupi amefika jana na yupi ni mwenyeji. Alifurahi sana.

Kisha koplo aliitwa safarini. Hakusema wapi wala mpaka lini. Mama Pacha alikuwa amemwonya fundi kuhusu siku kama hiyo: "Usimlazimishe kusema, na usiwaambie watu, wala usiandike mtandaoni. Njoo kwangu tu." Basi fundi akaenda kwake. Jioni wake za wanajeshi walikaa pamoja, wakapika chungu kimoja, wakasaidiana kulea watoto. Fundi alimkumbuka mumewe, lakini hakuwa peke yake.

Hali ikawa hivyo mpaka asubuhi moja kibali cha kurekebisha sare alichokuwa ameomba kikatoka. Fundi alikibandika ukutani, akarudi nyuma kidogo, akakitazama, akakisogelea tena. Alikuwa bado anakitazama aliposikia hatua barazani.

Alikuwa koplo. Amekonda, vumbi mpaka kwenye nyusi, na suruali yake ya sare imechanika gotini. Chiriku alipiga kelele, mtaa mzima ukasikia. Fundi alimkumbatia mumewe kwa muda mrefu.

Koplo alikisoma kibali, akatabasamu mpaka masikioni. Akaingia chumbani kubadili nguo, akatoka na ile suruali mkononi.

"Haya fundi. Nishonee."

Fundi alijifuta machozi, akaketi nyuma ya cherehani yake, akanyoosha mkono.

"Kitambulisho."

"Mke wangu! Mimi ni mumeo!"

"Mume wangu yumo ndani, nitampikia. Huyu aliyesimama hapa ni mteja."

Koplo alicheka, akasimama wima, akatoa kitambulisho. Fundi alikisoma chote, polepole, kuanzia jina hadi cheo. Kisha akatunga uzi kwenye sindano.