Ukiulizwa, Sema Ndiyo

“Mumeo ana mwanamke mwingine?”

Msusi alicheka mpaka kiti cha kutolea damu kikalia.

“Nesi, yule ni fundi friji. Akirudi nyumbani anasinzia mdomo wazi, kijiko mkononi. Huyo mwanamke wa pili atamfanyia nini?”

Nesi hakucheka.

“Namuuliza kila mtu, dada. Damu tunaipima, lakini ugonjwa ulioingia juzijuzi kipimo kinaweza kisiuone. Majibu yako ndiyo yanayomlinda mgonjwa.”

“Basi jibu ni hapana. Baba yangu anasubiri upasuaji, na wewe unanihoji kama polisi!”

Mpira ulishafungwa mkononi, mshipa umetuna, simu ikatetemeka mapajani. Ni ujumbe wa mume wake, aliyekuwa nje kwenye benchi na mama yake mzazi. Mume ndiye aliyekuwa ametangulia kuingia, akatoka anasema amekataliwa, presha iko juu.

*“Usitoe damu. Ukiulizwa kama mumeo ana mwanamke mwingine, sema ndiyo. Nisamehe.”*

Aliusoma. Akaurudia.

“Nifungue, nesi.”

“Unajisikia vibaya?”

“Jibu langu limebadilika.”

Nesi alimtazama, akaufungua mpira taratibu.

“Pole, dada yangu. Kwa sasa hatuwezi kuichukua damu yako. Na wewe mwenyewe ukapime.”

“Na baba?”

“Ya kuanzia ipo. Tafuteni ndugu wengine.”

Alipotoka, mama mkwe alisimama.

“Mbona upesi hivyo?”

“Wamenikataa.”

“Wamekukataa! Mwanangu presha, sawa. Wewe una nini? Baba yako mzazi yuko kitandani, damu ya binti yake haifai! Umezurura na nani?”

Benchi zima liligeuka. Msusi akamtazama mume wake, akimngoja. Neno moja tu lingetosha. Fundi friji alijikuna shingo, kisha akasema kwa upole, kama mume mwema anayemsitiri mke mkosaji:

“Mama, mwache. Tutayamaliza nyumbani.”

Hapo ndipo moyo wa msusi ulipokufa ganzi. Ule ujumbe alikuwa bado anatafuta namna ya kuusamehe. Hili, hapana.

Akampa mama mkwe simu.

“Soma, mama. Kwa sauti, kama ulivyonitukana.”

Mama mkwe alianza vizuri. Alipofika kwenye “sema ndiyo”, alikatiza kusoma.

“Ni nani huyo mwanamke?” msusi aliuliza.

“Yule... wa duka la vipuri,” mume alijibu, macho chini.

“Tangu lini?”

“Mwaka jana.”

Mama mkwe alirudisha simu kwa ncha za vidole.

“Wanaume ndivyo walivyo. Ila wewe, kumwaibisha mwenzio mbele za watu ndiyo nini?”

Msusi aliwapigia kaka yake na wateja wake wawili wa saluni. Walikuja, wakahojiwa, wakatoa. Baba alifanyiwa upasuaji, akapona, na binti akahamia kwake kumuuguza. Kipimo chake cha kwanza kilikuwa safi, lakini aliambiwa arudi tena, kwa sababu ni mapema mno kuwa na uhakika.

Siku ya kurudi, akiwa kwenye foleni ya maabara, simu ikaita.

“Mke wangu, ningeweza kunyamaza siku ile,” mume alisema. “Nilijitoa mhanga ili damu mbaya isimfikie baba. Hata hilo hulioni?”

“Nimeliona.”

“Basi rudi nyumbani.”

“Baba ulimhurumia kabla hajawekewa hata tone. Mimi nimelala ubavuni mwako mwaka mzima. Meseji yangu ilikuwa wapi?”

Mlango wa maabara ukafunguliwa, akaitwa. Akakata simu, akaingia huku anakunja mkono wa gauni.