Vipande Kumi na Viwili vya Sikio

Ijumaa, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Soanirina alikuta boksi la barafu liko wazi katika kituo cha utafiti cha Ambodivoara. Chupa kumi na mbili hazikuwemo. Kila moja ilikuwa na kipande cha sikio la tsidy, komba mdogo anayeenea kiganjani. Siku hiyo zilikuwa ziende mji mkuu kupimwa vinasaba. Vipimo vikionyesha kwamba tsidy wa hapa ni aina ya peke yao, msitu unapona. Wakiwa sawa na wale wa ng'ambo ya mto, misumeno inaingia Agosti.

Sajenti Botovao, mgeni kutoka kusini, alianza na Tovo, mchoma mkaa aliyekuwa akiulaani utafiti ule hadharani. Lakini Tovo alikuwa hospitali ya Moramanga tangu Jumanne, mkewe akijifungua. Wakabaki wenye funguo wawili: Daktari Herilala, mtafiti, na Soanirina mwenyewe, aliyewaongoza watafiti msituni miaka ishirini. Saa mbili alikuwa amekalishwa barazani, kando ya jembe lake lililoegemea ukuta tangu Jumatano, tope limekauka.

Daktari alitoa ushahidi kwa upole uliomkera Soanirina kuliko tusi.

"Jana saa tisa alasiri nilimwona kwa macho yangu. Ametoka kulima mpunga, jembe begani. Akaingia kituoni, akatoka na kifurushi."

"Mama, una la kusema?" aliuliza Sajenti.

"Ninalo. Mwambie ataje siku."

"Alhamisi," alisema Daktari.

"Miaka minne unakula wali wetu, Daktari, na hujui unalimwa siku gani." Soanirina alisimama bila kuruhusiwa. "Afande, katika bonde hili jembe haliingii shambani Alhamisi. Ni mwiko wa mababu. Ningelima jana, leo ningekuwa mbele ya wazee nikitozwa ng'ombe. Uliza nyumba yoyote."

Sajenti aliuliza nyumba tatu. Mbili zilijibu hivyo hivyo, ya tatu ikamshangaa mtu mzima kuuliza jambo kama hilo.

"Kwetu ni Jumanne," alisema aliporudi, kisha akaomba kuona chumba cha Daktari.

Chupa zilikuwa ndani ya buti la mvua, zote kumi na mbili, tupu, zimeoshwa.

Herilala aliketi. Alieleza kwamba shahada yake ilisimama juu ya neno moja, kwamba tsidy wa kingo zote mbili ni aina moja. Mwezi uliopita vipimo vya majaribio vilionyesha amekosea, naye hakutaka kuchekwa na wanafunzi wake.

"Hata hivyo umechelewa, Mama," alisema, pingu mkononi. "Vipande havipo tena."

Soanirina alimtazama bila huruma hata chembe.

"Vipande umevitupa. Masikio yenyewe yamo msituni. Julai hii tsidy wamelala mashimoni, na kila shimo nalijua. Tena leo si Alhamisi."

Alichukua chupa mpya kumi na mbili. Kila lebo ilikuwa na mstari wa jina la mkusanyaji, mstari ambao kwa miaka ishirini aliwaachia wengine. Akaandika Soanirina mara kumi na mbili, kisha akaingia msituni.