Nafasi Nyuma ya Neno HANA

Kapu la Hildegardi la usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, lilimwagikia viatu vya Kilian stendi ya Mbinga, na badala ya kufoka kijana wa watu akainama kuokota. Miezi minane baadaye padri aliwataka wakapime damu kabla ya ndoa kutangazwa kanisani.

Kwenye zahanati vyeti vilichapwa na programu aliyoiandika Kilian mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Chake kilisema HANA virusi vya UKIMWI. Cha Hildegardi kilisema ANAVYO.

"Kilian, sijawahi kuwa na mwingine," Hildegardi alisema.

"Kompyuta haidanganyi, Hilde."

Hildegardi akakaza kitenge chake cha njano kiunoni, akapanda gari la kwao Lituhi.

Siku mbili Kilian hakuweza kula. Aliogopa Hilde atakufa, aliogopa pia kwamba hakumjua. Siku ya tatu alikwenda kwa Mama Luisa, karani wa zahanati aliyepiga taipu miaka ishirini.

"Shikamoo, mama. Nionyeshe daftari la maabara."

"Marahaba, mwanangu. Hili hapa."

Jina la Hildegardi, kwa mkono wa daktari: HANA.

"Cheti chako wewe aliingiza nesi," mama alisema. "Chake niliingiza mimi, hivi." Akaandika HANA, na kidole gumba kikagonga kitufe cha nafasi, kile cha kutenganisha maneno. "Sisi wa taipu kila neno tunalifungia nafasi."

Kilian akaifungua programu yake. Programu ililinganisha herufi kwa herufi, na neno lolote lisilolingana kabisa na HANA, hata kwa nafasi moja tupu, aliliamuru liwe ANAVYO. Akaongeza mistari michache: anzia mwisho wa neno, rudi nyuma kila ukikuta nafasi, ukifika kwenye herufi lifunge neno hapo. Cheti cha Hilde kikatoka upya: HANA.

Alimkuta Hildegardi ufukweni Lituhi, akianika usipa.

"Mpenzi, wewe mzima. Kosa ni langu, sikukata nafasi za mwisho."

Hildegardi alisoma cheti mara mbili, akalia, kisha akamtazama. "Uliamini mashine kuliko mimi."

"Nisamehe. Bado nataka kukuoa."

"Mama Luisa ameingiza wangapi wengine?"

Kilian akakumbuka orodha ya vyeti alivyoingiza Mama Luisa, vyote vikisema ANAVYO. Kumi na saba. Hofu ikamrudia upya, kubwa kuliko ya kwanza.

"Nyanyuka, gari linaondoka," Hildegardi alisema, akimshika mkono. "Tukitoka nyumba ya kumi na saba, uniulize tena hayo ya ndoa."